Tangi la maji ya bahari nyumbani: Taa inayopendeza macho huenda ikaua matumbawe

Na Mwandishi Wetu

JIRANI yangu mmoja, mkazi wa ghorofani Upanga jijini Dar es Salaam, alinialika jioni moja nyumbani kwake nikaone alichokiita 'bahari yake'. Sebuleni palisimama tangi la kioo lenye ujazo wa lita zipatazo 300, maji ya chumvi yakizunguka taratibu, na juu ya jiwe la katikati alikaa anemoni mkubwa, mweupe pe kama pamba.

Alikuwa amemnunua kwa bei ya juu kuliko wale wa rangi ya kahawia, kwani muuzaji alimweleza kwamba weupe wa namna ile ni wa nadra. Ili umbile lile lipate kung'aa ipasavyo, jirani akaning'iniza juu ya tangi taa mpya yenye nguvu mara mbili ya ile ya kwanza.

Nilipopita tena baada ya wiki tatu, tangi lilikuwa tupu. Anemoni alisinyaa, akaachia jiwe usiku na kunaswa na mdomo wa pampu. Mwili wake ulioraruka ulichafua maji yote, na kulipopambazuka samaki wanne kati ya watano walikuwa wakielea.

Kwa bahati mbaya, mkasa wa aina hii ni wa kawaida miongoni mwa watu wanaoanza kufuga viumbe wa bahari majumbani. Wengi hutumia fedha nyingi kwenye kioo, pampu na chumvi, kisha taa huinunua mwishoni kwa kigezo kimoja tu, kwamba iwe na mwanga wa kupendeza. Kigezo hicho hakitoshi, na sababu yake iko ndani ya mwili wa kiumbe mwenyewe.

Yafaa ifahamike kwanza kwamba matumbawe na anemoni ni wanyama, si mawe wala mimea. Hata hivyo, wengi wao huishi kwa kutegemea mwani mdogo mno, usioonekana kwa macho, ambao umefanya makazi ndani ya nyama yao. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza sukari kwa njia ya usanisinuru, kama ufanyavyo mhindi shambani, kisha humgawia mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula hicho. Kwa matumbawe ya maji ya juu yapatayo mwanga mwingi, hadi asilimia 90 ya nishati yao huweza kutoka huko.

Rangi ya kahawia ambayo jirani yangu aliidharau dukani ndiyo rangi ya mwani wenyewe. Mnyama aliyepoteza mwani hubaki mweupe, na kama ni tumbawe la mawe, mifupa yake ya chokaa huonekana kupitia nyama. Anemoni yule aliuzwa akiwa tayari ana njaa. Ile taa ya pili iliyowashwa kwa nguvu zote haikumpa chakula, kwa kuwa hakuwa tena na mwani wa kutosha wa kuupokea mwanga. Ilichofanya ni kuutesa ule mwani kidogo uliosalia.

Wakazi wa pwani yetu wamelishuhudia jambo hili kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 1998, Bahari ya Hindi ilipopata joto kupita kiasi wakati wa El Niño, matumbawe ya Kenya, Tanzania na Shelisheli yalipauka na sehemu kubwa yakafa. Upaukaji mwingine uliyakumba mwaka 2016, na Aprili 2024 wataalamu wa NOAA ya Marekani pamoja na wenzao wa ICRI walitangaza kwamba dunia imeingia katika upaukaji wa nne unaogusa bahari zote kuu.

Chanzo huwa ni joto, lakini mwanga ni mshirika wake wa karibu. Maji yanapokuwa ya moto, mwani hushindwa kuutumia mwanga wote unaoupokea. Nishati inayobaki huzaa aina za oksijeni zenye sumu, na mnyama hulazimika kuutoa mwani huo mwilini ili asidhurike zaidi. Sebuleni mambo huwa hayo hayo, ila huko huweza kuchukua siku chache tu, na mwenye nyumba ndiye mwenye mkono kwenye swichi.

Kwa msingi huo, mtu anayekwenda dukani asianze kwa kuuliza taa gani ni nzuri. Aulize kwanza atafuga nini, na kiumbe huyo alikuwa akiishi kwenye kina gani cha bahari kabla hajavuliwa. Tumbawe lililokuwa likichomwa na jua juu ya mwamba ambao maji yakipwa hubaki na kimo cha goti haliwezi kuwa na mahitaji sawa na lile lililokuwa limejificha kwenye kivuli cha pango, mita 15 chini.

Iwapo nia ni kufuga samaki peke yao, tatizo la taa karibu halipo. Samaki hawana mwani mwilini. Wanachohitaji ni kutambua mchana na usiku, na taa ndogo ya LED ya wati 10 au 20 huwatosha wao na mtazamaji. Kwa hakika mwanga hafifu huwapa utulivu, hasa wale wageni ambao bado wanajibanza mawe kwa woga.

Hapa sina budi kuwagusia wazazi. Tangu filamu ya Finding Nemo itoke mwaka 2003, watoto wengi wanajua kwamba yule samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe huishi ndani ya anemoni, nao humshinikiza baba mpaka anunue vyote viwili. Samaki huyo, pamoja na jamaa zake wanaopatikana katika maji ya Afrika Mashariki, huishi vizuri tangini bila anemoni. Anemoni ndiye mgumu. Huhitaji mwanga mwingi, maji tulivu kikemia na tangi lililokwisha kukomaa kwa miezi kadhaa, tena ana tabia ya kuhama mahali asipopapenda na kuwachoma majirani njiani. Anayeanza na amwache.

Sasa tuje kwenye vipimo, mahali ambapo wanunuzi wengi hupotezwa na maandishi ya kwenye boksi.

Wati hueleza kiasi cha umeme ambacho taa inatumia, si kiasi cha mwanga inachotoa. Taa mbili za wati 100 zinaweza kutofautiana sana kwa mwanga. Mbaya zaidi, baadhi ya taa za bei nafuu huandikwa wati 165 au 300 kwa kujumlisha uwezo wa juu wa kila kijibalbu kilichomo, ilhali ukiipima kwenye soketi unakuta inatumia nusu ya hapo.

Lumeni nayo ina hila yake. Kipimo hiki kilitungwa kwa ajili ya jicho la binadamu, na jicho letu huhisi zaidi rangi ya kijani, karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 555. Mwani wa matumbawe hupendelea rangi nyingine. Klorofili yake hunasa zaidi mwanga wa buluu na mwekundu, na rangi zake nyingine za ziada huongeza uwezo wa kunasa buluu na ile inayokaribia kijani.

Matokeo yake ni haya: taa iliyojaa manjano na kijani huonekana kali sana ukutani huku tumbawe likishinda njaa. Taa ya buluu, kinyume chake, huonekana hafifu. Mwenye tangi huiona kama haina nguvu, akaongeza ya pili, pengine na ya tatu, mpaka akawa ameviunguza viumbe kwa mwanga ambao macho yake mwenyewe hayakuuhesabu. Isitoshe, mboni ya jicho hujirekebisha. Chumba chenye mwanga mara kumi ya kingine hatukioni kuwa na mwanga mara kumi.

Kuhusu kelvini, hiyo ni nambari ya rangi tu. Jua la mchana huwekwa kwenye kelvini 6,500 hivi. Taa za 10,000 ni nyeupe ya ubaridi. Za 14,000 hadi 20,000 huegemea buluu. Nambari hiyo haisemi chochote kuhusu wingi wa mwanga.

Kipimo kinachofaa hujulikana kwa herufi PAR. Ni hesabu ya fotoni, yaani chembe za mwanga, zenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 400 na 700, ambazo huangukia eneo la mita moja ya mraba kwa kila sekunde. Hesabu hiyo hutolewa kwa maikromoli. Jua la tropiki lisilo na wingu, saa sita mchana, hutoa karibu maikromoli 2,000 juu ya uso wa bahari.

Hakuna anayehitaji kiasi hicho nyumbani. Matumbawe laini, yale ya umbo la uyoga, na yale madogo ya jamii ya Zoanthus yanayotanda juu ya jiwe kama zulia, hustawi kwenye maikromoli 50 hadi 150. Matumbawe ya mawe yenye nyama kubwa inayopepea majini, kama Euphyllia, hutaka kati ya 80 na 200. Acropora, lile lenye matawi kama pembe za paa, ndilo linalodai zaidi, yaani 200 hadi 350, na ndilo linalokufa upesi mwenye tangi akikosea jambo lolote, liwe la mwanga au la maji.

Nambari hizo hupimwa mahali mnyama alipo, chini ya maji, wala si karibu na taa. Balbu tupu ikisogezwa mbali mara mbili, mwanga unaofika hupungua hadi robo. Katika tangi hali huwa nafuu kidogo kwa sababu kuta za kioo hurudisha ndani sehemu ya mwanga, lakini kanuni haibadiliki sana. Ndiyo maana tangi lenye kimo cha sentimita 40 ni rahisi na nafuu kuliwekea taa kuliko lenye sentimita 70, hata kama yote mawili yana ujazo mmoja. Mtu ambaye bado hajanunua kioo na alizingatie hili. Tangi refu kwenda juu hupendeza sebuleni, lakini hudai taa ya gharama.

Kipima PAR ni ghali, kwa hiyo wafugaji huchangishana kununua kimoja na kukizungusha. Programu za simu zinazopima mwanga hazisaidii sana chini ya taa ya buluu, kwa kuwa zimetengenezwa kuiga jicho la mtu, na kama tulivyokwisha kuona, jicho ndilo lililoanzisha matatizo.

Lakini kwa nini buluu? Jibu analijua kila mzamiaji. Maji humeza rangi nyekundu kwanza. Kwenye mita tano tu, sehemu kubwa ya wekundu imekwisha kumezwa, na kufika mita 10 umebaki kidogo mno. Samaki mwekundu huko chini huonekana mweusi hadi atakapoletwa juu. Buluu ndiyo inayosafiri mbali zaidi. Matumbawe yamezoea mwanga huo kwa vizazi vingi, na baadhi yao yana rangi maalumu ambazo hupokea buluu na kuirudisha ikiwa kijani au chungwa, ndizo zile zinazomfanya mgeni apigwe na butwaa mbele ya tangi. Taa nyeupe tupu huliweka tumbawe hai, ila hulinyima mng'ao huo.

Uchaguzi wa taa wenyewe umebadilika sana katika miongo michache. Mmoja wa waanzilishi wa fani hii, Lee Chin Eng wa Indonesia, aliyeandika kuhusu njia yake mwaka 1961, alitumia mawe hai, mapovu ya hewa na jua lenyewe. Wapo wanaoniuliza kwa nini sisi wa pwani, tuliojaliwa jua mwaka mzima, tusifanye vivyo hivyo. Inawezekana, lakini tangi likikaa dirishani hupokea jua upande mmoja, maji huchemka alasiri na vioo hufunikwa na mwani wa kijani. Lee Chin Eng alikuwa mtunzaji hodari kuliko wengi wetu.

Baadaye ukafuata wakati wa taa za tyubu, zikiwemo zile nyembamba zenye vioo vya kuakisi nyuma yake. Hizi husambaza mwanga sawasawa bila vivuli vikali, na bado wapo wafugaji mahiri wasiotaka kuziacha. Kasoro yake ni kwamba rangi yake hubadilika kadiri zinavyozeeka, hivyo hubadilishwa kila baada ya miezi tisa hadi 12 hata kama zinawaka. Tena zina zebaki. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana huko Geneva, Novemba 2023, kwamba utengenezaji na biashara ya tyubu za matumizi ya kawaida ukome ifikapo 2027. Hata kama zile maalumu za matangi zitaendelea kupatikana kwa muda, sioni sababu ya mtu anayeanza leo kujifunga kwenye bidhaa ambayo soko lake linafungwa.

Taa za metali halaidi, ndugu wa zile za viwanja vya mpira, ndizo zilizowezesha wafugaji wa Ujerumani na kwingineko kukuza matumbawe magumu tangu miaka ya 1980. Mwanga wake hucheza majini mithili ya jua halisi, na kwa uzuri huo sijaona mfano wake. Kwa mazingira yetu lakini nazikataa bila kusita, na sababu ni joto.

Tuchukue tangi lile la lita 300 lenye taa mbili za wati 250. Umeme wote ule mwishowe hugeuka joto. Ikiwa theluthi moja tu ya joto hilo itaingia majini, na pasiwe na njia ya kulitoa, maji yatapanda karibu nusu digrii kila saa. Matumbawe hupenda nyuzi joto 25 hadi 27, na yakipita 30 kwa muda yako hatarini. Chumba cha Dar es Salaam mwezi Februari, bila kiyoyozi, tayari kina nyuzi 31 au 32 kabla taa haijawashwa. Mwenye taa hizo atalazimika kununua mashine ya kupoza maji, ambayo nayo hula umeme na kutoa joto chumbani.

Na uniti za LUKU je? Wati 500 kwa saa tisa ni uniti 4.5 kwa siku, sawa na uniti 135 kwa mwezi, kwa taa peke yake. Taa ya LED ya wati 150 kwa saa hizo hizo itatumia uniti 40 na nusu, nayo mara nyingi haiwashwi kwa nguvu zote.

Kwa hiyo, kwa msomaji wa mijini, LED ndiyo njia ya kufuata. Mwanga wake mkali wa buluu uliwezekana baada ya Shuji Nakamura, akiwa katika kampuni ya Nichia ya Japani, kufanikiwa kuutengeneza mwaka 1993. Yeye pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Joto la LED hupanda juu kwenye chuma cha kupozea badala ya kumiminikia majini, na nguvu pamoja na rangi yake huweza kuongezwa au kupunguzwa.

Ila LED nazo zina mitego. Lenzi zake hukusanya mwanga mahali padogo, kiasi kwamba tumbawe la katikati huungua huku la pembeni likififia. Afadhali taa mbili za nguvu ya wastani kuliko moja kubwa, na kwa wastani taa moja ihudumie eneo lisilozidi sentimita 60 kwa 60. Boksi huandika saa 50,000, ambazo kwa matumizi ya saa tisa kwa siku ni miaka 15. Lakini feni na kifaa cha kubadili umeme hufa mapema zaidi, hasa katika hewa yenye chumvi. Uliza kama vinauzwa peke yake. Aidha, hakikisha nguvu yake inapunguzika, maana kitufe cha kupunguza ndicho kitakachotumika zaidi kuliko vyote.

Tumbawe jipya lisipokewe kwa taa ya asilimia 100 hata kama nambari za PAR zinaruhusu. Limetoka gizani kwenye mfuko, limesafirishwa, limechoka. Anza na theluthi moja ya nguvu, au liweke chini kabisa ya tangi, kisha panda kidogo kidogo kwa wiki nne hadi sita.

Katika muda huo mnyama mwenyewe atasema, na ni muhimu kuielewa lugha yake kwa usahihi. Tumbawe linalogeuka kahawia iliyokolea na kurefuka kuelekea juu linakosa mwanga. Linaongeza mwani ili kunasa kidogo kilichopo. Linalopauka, kujikunja mchana na kujificha linapata kupita kiasi. Wageni wa kazi hii hufanya kinyume: wakiona weupe hudhani tumbawe linadhoofika kwa kukosa mwanga, wakaongeza. Hilo ndilo kosa lililommaliza anemoni wa Upanga. Mnyama aliyepauka hupunguziwa mwanga na kulishwa kwa mkono, vipande vidogo vya kamba mara mbili au tatu kwa wiki, na kupona kwake huchukua miezi.

Muda wa kuwasha usizidi saa nane hadi 10 kwa nguvu kamili. Ni kweli jua letu hukaa saa 12, lakini asubuhi na jioni huwa chini na hafifu. Tumia saa ya kuwashia na kuzima yenyewe. Anayetegemea mkono wake ataisahau taa siku ya harusi. Usiku uwe giza. Zile taa za 'mbalamwezi' ni pambo la mwenye nyumba tu.

Umeme ukikatika, taa ndiyo ya mwisho kuhangaikiwa. Matumbawe huvumilia giza la siku moja au mbili, kama yanavyovumilia siku za mawingu mazito ya masika. Samaki hawavumilii maji yaliyosimama bila hewa kwa saa nyingi, kwa hiyo betri ya akiba ipelekwe kwenye pampu. Umeme unaporudi huja kwa kishindo, na kifaa kile kile kinacholinda friji kitailinda pia taa.

Waya zote zishuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda tena, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi, hivyo mzunguko huo uwe na kikata umeme kinachojizima penye hitilafu, na kazi hiyo afanye fundi anayeijua. Futa chumvi inayoganda kwenye kioo cha taa kila wiki; utando wake hula mwanga kimyakimya. Kama maji bado yana joto, feni ndogo inayopuliza juu yake huweza kuyashusha kwa digrii mbili au tatu, ingawa unyevunyevu wa pwani huipunguzia nguvu. Maji yanayopungua kwa mvuke yajazwe kwa maji baridi yaliyochujwa, si ya chumvi, kwa sababu chumvi yenyewe haikutoka.

Kuna jambo lisilohusu taa ambalo siwezi kulipita. Mtu anayeishi karibu na bahari hushawishika kupanda boti na kurudi na kipande cha mwamba. Bongoyo na Mbudya ni hifadhi za bahari, na kuchukua viumbe huko ni kosa. Biashara ya kimataifa ya matumbawe ya mawe husimamiwa na mkataba wa CITES, hivyo muuzaji halali anapaswa kuwa na vibali, na mnunuzi ana haki ya kuviulizia. Lililo bora ni kununua vipande vilivyokuzwa na wafugaji tangini. Hivyo tayari vimezoea taa, na aliyevikuza ataweza kukuambia viliishi kwenye PAR ngapi.

Mbudya hata hivyo panafaa kwa jambo moja lisilo na kosa. Vaa miwani ya kuogelea, tazama tumbawe gani liko juu na lipi limejificha chini ya ukingo, kisha rudi nyumbani ukapange mawe yako kwa mtindo huo.

Jirani yangu ameanza upya. Ameiuza taa ile kubwa na kununua mbili ndogo, ambazo kwa sasa zinawaka kwa asilimia 35. Tangini mna samaki wawili na matumbawe matatu ya umbo la uyoga, ya kahawia, bei rahisi, ambayo mgeni wa kawaida hupita bila kuyatazama. Jumapili iliyopita alinipigia simu kunieleza kwamba moja limegawanyika na kuwa mawili.